Mpini Aliouchonga Orrin

Kopo la kahawa lilimshinda Ardis Haugland asubuhi ile, akalitoboa kwa kisu. Halikuwa jambo jipya. Tangu theluji ianze kuyeyuka, kila kilichohitaji kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinamshinda: makopo, vifungo vya shati, ufunguo wa gari. Mtu huuzoea mkono mbovu kama anavyouzoea mlango unaokwama, akajua pa kuupiga bega.

Mumewe, Orrin, alikuwa ameketi mbele ya benchi lake la kazi karibu na dirisha, amempa mgongo, kwa hiyo hakukiona kisu. Ardis alihakikisha hakioni. Pale kwenye benchi palikuwa na mashine ya mkono ya kutengenezea risasi, imekazwa kwa skrubu, na mbele yake risasi zimesimamishwa kwenye kibao chenye matundu, ncha juu. Katika mji ule wa kisiwani, kusini mashariki mwa Alaska, wanaume wengi hujitengenezea risasi wenyewe, kama mahali pengine watu wanavyojisagia viungo, na kila mmoja anaamini za jirani yake ni takataka. Orrin alikuwa mvuvi maisha yake yote. Kiharusi kilimchukulia mguu na nusu ya mkono wa kulia, kikamchukulia na mashua. Kilichobaki ni benchi lile.

"Nimezitia baruti zaidi kidogo," alisema bila kugeuka. "Mwaka huu dubu wametoka mapema."

"Vizuri, mzee."

"Na bastola inakaa vizuri mkononi?"

"Kama siagi," akasema Ardis, akamimina maji ya moto.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mwaka, na kila mwaka lilikuwa uongo. Si uongo wa kumwibia mtu. Ulikuwa uongo wa mtu aliyechoka, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuuacha, kwa sababu kuuacha nako kunataka nguvu.

Bastola yenyewe ilikuwa rivolva fupi, ya chuma chepesi kama wanachoundia ndege, mtutu wake hauzidi kiganja, na silinda yenye matundu sita ya risasi nene kama kidole cha mwisho. Ukiibeba husikii kama umebeba kitu. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo hila yake. Bunduki nzito hulimeza teke lake yenyewe. Nyepesi humwachia mwenye nayo. Ardis, aliyekuwa akiivaa kutwa kifuani, kwenye mkoba wa ngozi juu ya suruali ya mpira, akipanda magogo na kuvuka maji yenye utelezi, aliishukuru kila saa aliyoibeba. Alikuwa ameanza kazi na bunduki ndefu, mpaka bega likakataa. Akahamia bastola kubwa, ile ikamkata shingo kwa mkanda wake. Orrin ndiye aliyemnunulia hii fupi, siku ya kuzaliwa kwake, mwaka ule kabla ya kiharusi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu. Huu ulikuwa usufi hata kwa mwenyewe, mpaka siku ya kuvuta triga.

Ilitoka kiwandani na mpini wa mpira mweusi, mnene, uliozunguka mpaka nyuma ya chuma. Orrin hakuupenda hata kidogo. Alisema unafanana na kitu kilichookotwa ufukweni baada ya dhoruba. Basi majira ya baridi ya kwanza baada ya kiharusi, wakati ambao hakuwa akizungumza na mtu wala kutaka kula, Ardis alimkuta siku moja na kipande cha mbao mapajani. Kilikuwa kimetoka kwenye mlango wa chumba cha usukani cha mashua yake. Alikikata kwa mkono wa kushoto, akakisugua kwa wiki nyingi, akatoa mabamba mawili membamba, laini, yanayong'aa, na kwenye moja akachora herufi ya kwanza ya jina la mkewe. Alipoyafunga kwenye bastola alicheka. Ardis alikuwa hajamsikia akicheka tangu hospitali.

Mabamba yale yalifunika ubavu wa mpini tu. Nyuma yaliacha chuma kitupu, hasa pale ambapo bastola hupigia mkono, kati ya gumba na kidole cha shahada. Siku ya kwanza alipoifyatua na mpini ule, kwa risasi ya Orrin, mzee mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni anamtazama, Ardis aliona nyota mchana kweupe. Chuma kilimwingia kwenye kiungo cha gumba kama patasi. Akageuka, akauona uso wa mumewe umejaa matumaini, akasema, "Kama siagi." Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo akajikaza kisabuni. Kwenye mazoezi alitumia risasi laini za dukani, zenye teke dogo, na mkono akauviringa utepe mgumu wa mashua. Risasi za Orrin, zile kali, alizitia kwenye silinda siku za kwenda mtoni, na jioni akazirudisha zikiwa nzima. Hakuwahi kuzifyatua hata moja baada ya ile ya kwanza. Asilaumiwe peke yake: nusu ya watu wa kazi ile walifanya hivyohivyo, laini kwa karatasi za shabaha, kali kwa dubu. Karatasi haina hasira, walikuwa wakisema, na wote wakajiona werevu.

Kazi yao ilikuwa kuhesabu samaki. Samoni wakipanda mito wakati wa kiangazi, ofisi ya samaki huwatuma watu wawili wawili waifuate kwa miguu kutoka mdomoni mpaka juu. Anayetangulia huangalia maji. Amevaa miwani ya kukata mng'ao, mkononi ana kihesabio, kila samaki mbofyo mmoja, na kwa muda wote ule haoni wala hasikii kitu kingine. Akigeuza shingo tu, hesabu imepotea. Anayefuata nyuma haangalii samaki kabisa. Anaangalia kichaka. Dubu wapo pale kwa sababu ileile iliyowaleta watu. Kwa hiyo anayehesabu anayakabidhi maisha yake kwa mtu asiyemwona, na adabu ya kazi ni kwamba hageuki.

Aliyekuwa akitangulia mbele ya Ardis ni Delbert, Mtlingiti, mmoja wa wenyeji wa asili wa pwani ile, wa kijiji cha ng'ambo ya mlango wa bahari, mtu mzima mwenye tumbo na utani mwingi. Babu zake walivua mto uleule kabla ya kuwapo ofisi yoyote. Alikuwa ametembea mbele ya Ardis viangazi vingi na hakuwahi kugeuka.

Mei ya kila mwaka wote hupimwa shabaha. Asiyefaulu hapandi mto, na mwenzake hupewa mtu mwingine. Ardis alijua kinachomngoja akishindwa. Kingekuwa nyumba, jiko, na mgongo wa Orrin pale dirishani, kutoka theluji mpaka theluji. Alimpenda mumewe. Lakini mto ulikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemwita kutoka chumba kingine, naye hakuwa na nguvu ya kuishi bila mahali hapo.

Uwanja wa shabaha ulikuwa shimo la zamani la kokoto nje ya mji, na siku ile mvua ilikuwa ikinyunya bila haraka. Mkufunzi alikuwa mgeni kutoka bara, mwanamke kijana aitwaye Kirsa Pell, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Aliwasalimia wote, akagawa vizibo vya masikio, kisha kwa upole uleule akasema kwamba mwaka huu kila mtu atapiga risasi anazobeba mtoni na si nyingine. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema mkono wake ni mkono, si nanga. Kirsa akajibu kwamba dubu hatampa nafasi ya kubadilisha.

Ardis alikuwa na risasi laini kwenye mfuko wa kushoto. Kwenye silinda zilikuwamo za Orrin, mpya za asubuhi ile, zenye baruti ya nyongeza.

"Na utepe huo, mama Ardis," Kirsa akamuuliza zamu yake ilipofika, "huwa unaufunga ukiwa mtoni?"

"Hapana."

"Basi ufungue, tafadhali."

Akaufungua. Mbele yake, mwisho wa uwanja, palikuwa na ubao uliochorwa dubu, unaovutwa kwa kamba juu ya vigurudumu. Kirsa akapiga filimbi, ubao ukaanza kuja mbio ukiruka kwenye kokoto.

Risasi ya kwanza ilimpandisha mikono mpaka juu ya paji la uso. Maumivu hayakuja mara moja; yalifika wakati anaishusha bastola, yakaingia kwenye gumba, yakapanda mpaka kwenye kiwiko, na macho yakajaa machozi ambayo hakuwa ameyaita. Akaivuta ya pili. Fundo la kidole cha kati liligongwa na chuma kilicho chini ya triga, akasikia meno yake yanasagana. Akavuta ya tatu. Triga ikagoma. Akavuta tena kwa vidole viwili, haikusogea. Silinda ilikuwa imeshika kabisa, haiendi mbele wala nyuma. Ubao ukafika, ukagonga nguzo karibu na magoti yake, na dubu wa rangi akasimama pale anamtazama.

Hakuna aliyecheka. Delbert alikuwa miongoni mwa waliokuwa nyuma ya kamba.

Ilimchukua Kirsa muda mrefu kuifungua silinda, kwa kijiti na kinyundo kidogo cha mbao. Alipofaulu alimwonyesha. Kichwa cha risasi moja kilikuwa kimetoka kwenye ganda lake kama cha kobe, kikachungulia mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba bastola ikiwa nyepesi na baruti ikiwa nyingi, teke la risasi moja huzivuta zile zilizobaki, na kama midomo ya maganda haikubanwa barabara, vichwa vinatoka kidogo kidogo. Akauliza risasi ni za wapi.

"Za nyumbani," Ardis akasema.

Kirsa akaelewa, ila akajifanya hakuelewa. Akasema sheria inaruhusu jaribio la pili asubuhi ya kesho, na kama mama angependa, duka la mjini lina risasi za wastani ambazo dubu hatazidharau. Kisha akautazama mpini ule mzuri, akaigeuza bastola, akaona chuma kilivyo kitupu kwa nyuma. Hapo akamtazama Ardis mkononi.

Delbert alimfuata mpaka kwenye gari. Akaingia upande wa abiria bila kukaribishwa, akafungua termosi yake, akammiminia kahawa kwenye kifuniko. Mvua iligonga paa. Walikaa hivyo, watu wawili wa makamo wenye nguo zilizolowa.

"Kwa hiyo," Delbert akasema hatimaye, "risasi mbili, ya tatu ni sala."

"Sikujua, Delbert."

"Najua hukujua. Ungejua ungekuwa umeniua kwa makusudi, nami nimekula kwako mara nyingi mno." Akanywa. "Hizo za mzee, umewahi kuzipiga kabla ya leo?"

Ardis akatikisa kichwa.

"Hata moja?"

"Moja tu, ile siku ya kwanza. Zinaniumiza. Mpini unaniumiza. Naweka laini nikija hapa."

Delbert hakutania. Alikuwa mtu wa kutania kila kitu, hata mazishi, na kutotania kwake kulimwogopesha Ardis kuliko ubao ule. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo nalo lilimwumiza.

"Dada, mimi kule mtoni sina macho. Macho ni wewe. Mke wangu aliniuliza mwaka jana, huyo mama mkono wake si unatetemeka? Nikamwambia angekuwa na tatizo angeniambia. Nikakutetea kama mjinga." Akakifunga kifuniko cha termosi. "Kesho ukija na mpini uleule na risasi zilezile, namwomba Kirsa anipe mtu mwingine. Nakwambia usoni leo, sitaki nikusemee pembeni."

"Orrin ndiye aliyeuchonga."

"Najua aliyeuchonga. Mji mzima unajua." Akafungua mlango. "Upeleke ukutani, uupigie msumari, watu waje wauone. Mimi siwezi kufa kwa sababu ya mbao nzuri."

Ardis aliendesha gari polepole kurudi nyumbani, mkono wa kulia mapajani. Njiani alitunga uongo mwingine, maana mazoea yana taabu. Angeweza kununua zile za wastani, akazificha. Za Orrin angezitupa baharini kila asubuhi, na mzee angeendelea kutengeneza nyingine, mikono yake ikipata kazi. Lakini mpini haukufichika. Kila jioni Orrin aliisafisha bastola mwenyewe, akaifuta chumvi, akaupaka ule mpini wa mbao mafuta kwa kitambaa kana kwamba anamwosha mtoto. Siku ambayo angeuona haupo, angejua yote. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilichokuwa kikikaribia safari hii kilikuwa cha mke wa Delbert.

Orrin alikuwa amemenya viazi. Kwa mkono mmoja, viazi vinne ni kazi ya mchana mzima, na maganda yalikuwa yametapakaa mpaka chini ya meza. Akainua macho.

"Ilipigaje?"

Ardis alivuta kiti, akaketi na koti lake lililolowa. Akaitoa mfukoni ile risasi iliyochungulia, akaiweka mezani mbele yake.

"Ilikwama," akasema. "Ya tatu ikakwama. Nimeshindwa."

Orrin akaichukua. Akaigeuza karibu na dirisha, akapitisha ukucha wa gumba la kushoto kwenye mdomo wa ganda, mara moja, mara ya pili. Uso wake haukubadilika ila mdomo uliteremka zaidi upande ule uliokufa.

"Ule mkono wa mashine," Orrin akasema, "mwisho kabisa unatakiwa kuukandamiza kwa nguvu, ndipo ganda linabana. Nilikuwa nausikia haufiki. Kila risasi nilikuwa nasikia haufiki. Nikajiambia umefika."

"Na mimi nilikuwa nakwambia siagi."

Akamtazama. "Inauma?"

"Inauma, Orrin. Tangu siku ile ya kwanza. Inapanda mpaka hapa." Akajigusa kiwiko. "Kopo la kahawa leo nimelitoboa kwa kisu."

Ardis alitarajia avunjike moyo. Miaka yote hiyo alikuwa amelikimbia hilo, kumwona akivunjika mara ya pili. Lakini Orrin alikasirika. Damu ilimpanda shingoni kama zamani, enzi za mashua, wakati wavu ulipotatizika.

"Ungesema ningezipunguza baruti! Kila mwaka naziongeza, kila mwaka, kwa sababu unaniambia siagi. Nikadhani nakulinda." Sauti ikamkatikia. "Kiharusi kilinipiga mguu, mama. Hakikunipiga akili. Umekuwa ukinidanganya kama mtoto, na yule bwana anatembea mbele yako."

"Nilichoka. Sikuwa na nguvu ya kukuona umekaa tena bila kusema neno. Ulikuwa umecheka. Nilitaka uendelee kucheka."

"Basi nimecheka, Delbert akaliwa. Hiyo ndiyo faida?"

Ardis akalia kidogo, si sana, kilio cha mtu ambaye hana hata nafasi ya kulia vizuri kwa sababu kuna viazi vya kuchemsha. Orrin alimwacha alie. Alikuwa anatazama benchi lake, mashine, risasi zilizosimama kwenye kibao, na kwa mara ya kwanza alizitazama kama mtu mwingine angezitazama.

"Nipe bastola," akasema. "Na bisibisi ndogo."

Alifanya kazi ile peke yake. Bastola aliibana kati ya mapaja, bisibisi kwenye mkono wa kushoto, na skrubu ilikuwa ndogo, ikamponyoka, ikaanguka chini, akaitafuta kwa mguu wake mzima. Mara mbili Ardis alitaka kuinuka kumsaidia na mara mbili akajizuia. Viazi vilichemka na kufurika juu ya jiko. Mabamba mawili ya mbao yakatoka hatimaye, mazuri kama siku yalipomalizika, na chuma kikabaki uchi mikononi mwake. Akakitazama kile chuma chembamba cha nyuma. Akakishika kama mtu anayefyatua, akakikandamiza kwa nguvu kwenye mkono wake, pale kati ya gumba na shahada, akakaa hivyo. Kisha akasema tusi moja la mabaharia ambalo Ardis hakuwa amelisikia miaka mingi.

Mpini wa kiwandani ulikuwa kwenye droo, pamoja na ndoana zenye kutu. Hakuwa ameutupa. Aliufunga, mweusi, mnene, akausukuma mezani.

"Mbaya kama chura," akasema.

"Siendi nao harusini."

Hakucheka, lakini kona ya mdomo iliyo hai ilisogea. Kisha akayachukua mabamba, akayaviringa kwenye kitambaa cha mafuta, akayatia kwenye droo ileile, akaisukuma kwa kiwiko mpaka ikafunga. Jioni ile walikula viazi vilivyoiva kupita kiasi na samaki wa jana. Mashine ya risasi ilibaki pale benchini, lakini zile zilizokuwa kwenye kibao alizifungua moja moja, akamwaga baruti.

Asubuhi, kwa risasi za wastani za dukani, Ardis alifaulu. Hakufaulu kwa sifa. Risasi moja ilipita nje ya sikio la dubu, na mkono uliuma bado, kwa sababu kiungo kilichoharibika hakiponi kwa kubadilisha mpira. Lakini maumivu yalikuwa ya kawaida, ya mtu anayefanya kazi, na silinda ilizunguka mpaka mwisho. Delbert alikuwapo. Hakumpongeza. Aliingia garini mwake na termosi yake na kuondoka.

Samoni walipoanza kupanda, wiki ile ya kwanza, Delbert aligeuka. Aligeuka kwenye gogo la kwanza, akageuka kwenye maporomoko madogo, akageuka mahali ambapo hapakuwa na sababu. Kila akigeuka hesabu ilipotea, wakarudi mdomoni mwa mto na kuanza upya, miguu ikiwauma, mvua ikiingia shingoni. Hakusema anachotafuta huko nyuma. Ardis naye hakuuliza. Alijua ni haki yake kugeukiwa, akaibeba haki hiyo kama alivyobeba mengine, ingawa hii ilikuwa nzito kuliko bastola zote alizowahi kuvaa.

Ilikuwa katikati ya Julai, kwenye kona yenye vichaka vizito vya kando ya maji na harufu ya samaki waliooza, dubu jike alipotoka kichakani. Alisimama kwenye kokoto, karibu kiasi cha Ardis kuona matone ya maji kwenye kidevu chake. Delbert alikuwa mbele, ameinama, kihesabio kikibofya. Ardis akasogea hatua moja ili awe kati yao, akaweka mkono kifuani, vidole vikauzunguka mpira mnene. Mkono ulikaa. Hakuna kilichomchoma. Akamzungumzia yule dubu kwa sauti ya kawaida, kama watu wa huko wanavyofanya, akamwambia nenda zako, mama, hapa sote tuna kazi. Dubu alinusa hewa, akamtazama kwa uchovu ambao Ardis aliufahamu, akageuka na kuingia majanini.

Kihesabio hakikuwa kimenyamaza hata mara moja.

"Ameondoka?" Delbert akauliza, mgongo wake ukiwa palepale.

"Ameondoka."

"Haya," akasema, akaendelea kuhesabu.

Ardis alirudi nyumbani jioni viatu vikitoa maji. Orrin alikuwa benchini, anaunganisha nyuzi za kuvulia za mtoto wa jirani, vibaya, kwa mkono mmoja. Hakuuliza kuhusu bastola. Aliipokea, akaiweka kando kwanza bila kuifuta.

"Mkono?" akauliza.

Ardis alikuwa amefungua mdomo, na neno la zamani lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Unauma," akasema.

Orrin akavuta kiti cha pili kwa mguu wake mzima, akampa ishara aketi, akauchukua ule mkono kwenye mkono wake.